Kauli ya Kutendwa: Mwanafunzi wa Kiswahili na Mabaraza ya Jinsia Jijini Nairobi

Kila ukaribiapo mwezi wa Machi, na tena mwishoni mwa Novemba, mbao za matangazo katika mabewa ya vyuo vikuu jijini Nairobi hujaa karatasi. Machi ni kwa ajili ya Siku ya Kimataifa ya Wanawake, tarehe 8. Novemba ni kwa ajili ya zile siku 16 za kupinga dhuluma dhidi ya wanawake, zinazoanza tarehe 25 na kuishia tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu. Hutangazwa mihadhara ya wageni, semina za wanafunzi wa uzamili, warsha za kuandika mapendekezo ya utafiti, nafasi za kujifunza kazi katika mashirika, na mara mojamoja udhamini wa kusomea shahada ya uzamili katika jinsia na maendeleo. Mwanafunzi wa Kiswahili hupita hapo akielekea darasani, husoma kichwa cha tangazo, kisha huenda zake. Si kwamba ana haraka. Hudhani tu kwamba tangazo halimhusu.

Sababu anazo. Tangazo limeandikwa kwa Kiingereza, mhadhara utatolewa kwa Kiingereza, na istilahi zake humjia kama mzigo wa mtu mwingine. Isitoshe, taaluma ya jinsia imekaa katika fikra za wengi kama kiwanja cha wanasosholojia, wanasheria na watu wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Wanafunzi wa kiume huongeza sababu yao, kwamba hayo ni mambo ya akina dada. Tena wapo, haifai kuficha, wanaohudhuria kwa minajili ya chai, mandazi na cheti cha kutia katika wasifukazi. Hao hawamdhuru mtu. Wanaokosekana ukumbini ni wale ambao wangekuwa na la kusema.

Msomaji ameshafuatana na mwanafunzi huyu kwa aya mbili pasi na kuambiwa kama ni wa kike au wa kiume, na yamkini hata hakuona upungufu. Kiswahili kinaruhusu. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakibagui, wala kiwakilishi yeye hakibagui. Ngeli ya A-WA humkusanya mama, baba, mbuzi na nzi. Mwandishi wa Kiingereza angelazimika kuchagua mapema. Wako wanaojivunia hali hii na kudai kwamba lugha isiyo na jinsia ya kisarufi haina ubaguzi. Dai hilo ni la haraka mno, kwa kuwa ubaguzi ukifukuzwa kwenye viwakilishi huweza kuhamia kwenye vitenzi.

Lakini kabla ya vitenzi, uwanja. Nyasi zile za bewa kuu anazozikatiza mwanafunzi huyu ziliwahi kukaliwa na ulimwengu mzima. Kuanzia tarehe 10 hadi 19 Julai 1985, jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali lilifanyika hapo Chuo Kikuu cha Nairobi, sambamba na Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake uliofanyika kuanzia tarehe 15 hadi 26 katika Jumba la Kimataifa la Mikutano la Kenyatta. Margaret Kenyatta, aliyewahi kuwa Meya wa Nairobi, ndiye aliyekuwa rais wa mkutano huo wa serikali. Jukwaa la chuoni liliongozwa na Nita Barrow wa Barbados, na kamati ya Kenya ikaongozwa na Eddah Gachukia, aliyewahi kufundisha fasihi katika chuo hicho hicho. Zaidi ya watu 10,000 walimiminika. Penye nyasi palisimamishwa Hema la Amani, ambamo wanawake wa Israel na wa Palestina, na wale wa Marekani na wa Urusi ya Kisovieti, walikaa wakasemezana mambo ambayo serikali zao hazikuwa tayari kusemezana. Mikakati iliyopitishwa na ule mkutano wa serikali ilipewa jina la jiji hili, na ikadhamiriwa kuongoza mataifa hadi mwaka 2000.

Katika jumba la mikutano lugha rasmi zilikuwa zile 6 za Umoja wa Mataifa. Kiswahili, lugha ya wenyeji wa mkutano, hakikuwa miongoni mwao.

Mtu akitembea kutoka hapo chuoni hadi katikati ya jiji, dakika chache tu, hufika jengo la Maendeleo ya Wanawake. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1952, enzi za ukoloni, na mengi yamesemwa juu ya ukaribu wake na watawala wa kila zama. Jina lake, hata hivyo, linaeleweka na kila mama nchini. Mashirika yaliyozaliwa kutokana na vuguvugu la 1985 na baada yake, kama vile FIDA-Kenya mwaka huo huo, FEMNET mwaka 1988 na FAWE mwaka 1992, yote yalijipa majina ya herufi za lugha za ng'ambo. FIDA ni herufi za Kihispania, ingawa aliyezoea Kiswahili husikia humo fidia, na kwa kazi ya shirika hilo la mawakili wanawake hajakosea sana.

Ikumbukwe pia kwamba mjadala wa jinsia haukungoja kuundiwa idara ndipo uingie chuoni. Uliingia kupitia ofisi ya mishahara. Wangari Maathai alipata shahada yake ya uzamifu mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufika huko, na akafundisha anatomia ya wanyama katika bewa la Chiromo, karibu na Museum Hill. Miaka hiyo ya 1970 yeye na mwenzake Vertistine Mbaya waligundua kwamba wahadhiri wanawake hawakupewa marupurupu sawa na ya wanaume, nyumba ikiwa mojawapo, kwa dhana kwamba mwanamke aliyeolewa ana mume wa kumpa makao. Walidai. Walijaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi, lakini mahakama ikakataa. Mengi ya waliyodai yalikuja kukubaliwa baadaye. Mwaka 1982 Wangari alijiuzulu ili agombee kiti cha ubunge, akazuiwa kugombea kwa sababu ya kanuni za usajili wa wapigakura, na alipotaka kurudi kazini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Nyumba nayo akaipoteza.

Dhana ile ya nyumba yafaa itazamwe kwa jicho la mwanasarufi: mwanamke aliyeolewa. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Kitenzi ni kimoja, mzizi ni mmoja, na tukio ni moja, lakini sarufi imempa mmoja kauli ya kutenda na mwingine kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendana ipo, nayo hutumika: walioana. Hata hivyo, pindi mwanamke anapowekwa mbele ya kauli ya kutenda, wasikilizaji huangua kicheko, na mwanamume anayekaa katika nyumba ya mkewe husimangwa kwamba ameolewa. Hakuna anayehitaji kueleza tusi liko wapi. Limo katika kiambishi cha mnyambuliko.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hufundishwa kwamba oa huzaa olewa kama vua izaavyo vuliwa, kwa sababu ya konsonanti iliyopotea zamani na ambayo hurejea mnyambuliko unapoihitaji. Mfano huo wa vua haukuchaguliwa hapa kwa bahati tu. Mnamo Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari akiwa pamoja nao, walianza mgomo wa kutokula katika pembe ya Uhuru Park, mwendo mfupi kutoka bewa kuu. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi ya wazee hao wa kike walivua nguo, wakawalaani askari kwa uchi wa mama zao. Askari walitambua walichofanyiwa. Akina mama walihamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, karibu na hapo, wakaendelea na mgomo wao kwa muda mrefu. Miaka 22 baadaye, Novemba 2014, mwanamke mmoja alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu cha katikati ya jiji, kisingizio kikiwa mavazi yake. Picha za video zikasambaa. Tarehe 17 mwezi huo umati wa wanawake, na wanaume wasio wachache, uliandamana kutoka Uhuru Park ukipita katika barabara zile zile za jiji. Walivua, alivuliwa. Mwanafunzi wa taaluma ya jinsia angeandika sura nzima kuhusu mwili wa mwanamke kama uwanja wa mamlaka. Mwanafunzi wa Kiswahili angeanza na silabi mbili, na huenda akafika mbali zaidi.

Jambo hili ndilo lisilosemwa katika mabaraza hayo, kwa kuwa wa kulisema hayumo.

Neno lenyewe jinsia halijatulia. Walio wengi katika taaluma hulitenga na jinsi: jinsi ni hali ya kimaumbile ya kuwa wa kike au wa kiume, ilhali jinsia ni majukumu na matarajio ambayo jamii humtwika mtu kwa sababu ya hali hiyo. Nje ya darasa maneno haya huchanganywa, na mpishi akisikia jinsi hufikiria jinsi ya kupika pilau. Asili ya yote mawili ni Kiarabu, ambamo neno jinsiyya leo hutumika kwa maana ya uraia. Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya Kenya ya 2010 chataka kwamba si zaidi ya thuluthi mbili za wanachama wa chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa wawe wa kile ambacho kwa Kiswahili husemwa kuwa ni jinsia moja. Kwa kipimo cha wanataaluma hapo pangefaa jinsi, maana wanaohesabiwa bungeni ni wanawake na wanaume, si majukumu yao. Huenda hii ikaonekana kuwa ni kesi ya walimu wa sarufi. Lakini Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje, na ushauri wenyewe haukutekelezwa. Watu ambao hawajapewa neno wanaloelewa ni vigumu kuwauliza wabunge wao habari zake.

Na watu hao wako wapi? Wengi wao wako magharibi. Aliyekwisha kupanda matatu ya namba 46 hadi Kawangware, au akafuata Waiyaki Way hadi Kangemi, amepita katikati ya yote yanayozungumzwa katika semina za mjini. Katika njia hizo chuo chenyewe kina watoto wake: bewa la Upper Kabete, ambamo imo taasisi ya amani na mazingira iliyopewa jina la Wangari Maathai, na mbele zaidi bewa la Kikuyu, linakofunzwa walimu, wakiwemo wa Kiswahili. FIDA-Kenya wamo Lavington, penye ua na miti. Hospitali ya Wanawake ya Nairobi, iliyofunguliwa Hurlingham mwaka 2001, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kingono na kupigwa. Kutoka kibanda cha mama mboga wa Kawangware hadi ofisi za Lavington ni mwendo wa miguu. Lugha ndiyo huurefusha mwendo huo.

Hapa ndipo penye kazi. Mtoto wa Kangemi aliyetendewa uovu hueleza yaliyompata kwa Kiswahili, au kwa Sheng, au kwa lugha ya mama iliyochanganywa na hizo mbili. Hueleza kwa mzazi, kwa polisi, kwa daktari anayejaza fomu ya P3, na mwishowe mbele ya hakimu, kesi nyingi za upande huo zikienda katika Mahakama ya Kibera. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kwa hiyo, maneno ya mtoto hufasiriwa, huandikwa kwa Kiingereza, na kesi ikikatiwa rufaa, majaji husoma karatasi, si uso wa mtoto.

Naye mtoto husemaje? Aghalabu husema, alinifanyia tabia mbaya. Kila aliyesoma kidato cha tatu anajua kwamba hiyo ni tafsida. Mkalimani asiyejali anaweza kuandika kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa alikosa adabu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataka ithibitishwe kwamba tendo mahususi limefanyika, na wakili wa mshtakiwa ana haki ya kuuliza kama kukosa adabu ni kosa la jinai. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ililikabili suala hilo. Ilieleza kwamba watoto huona haya na hofu kutaja mambo kama hayo mbele ya watu, na kwamba mahakama za nchi hii kwa jumla zimezoea kuzikubali tafsida za namna hiyo, ikiwemo hiyo hiyo ya tabia mbaya. Majaji wa mahakama ya juu walikuwa wakifanya uchambuzi wa tamathali za usemi. Ni somo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulipita kwa alama nzuri na kulisahau baada ya mtihani, wakidhani lilikuwa la mashairi tu.

Neno jingine lichunguzwe: kunajisi. Magazeti ya Kiswahili nchini Kenya yamelizoea kwa makosa dhidi ya watoto, yakalitenga na kubaka. Limefuata mkondo wa sheria, kwa kuwa istilahi ya Kiingereza katika sheria ile ya 2006 nayo ina maana ya kutia uchafu. Lakini najisi katika Kiswahili ni zaidi ya uchafu. Kwa Mwislamu, na Kiswahili hakiwezi kujitenga na urithi huo, najisi ni kile kinachobatilisha ibada mpaka kiondolewe. Basi gazeti likisema kwamba mtoto alinajisiwa, linasema nini juu ya mtoto? Kitenzi kimo tena katika kauli ya kutendwa, na unajisi wenyewe umebaki kwa aliyetendwa, ilhali mtenda anatoka akiwa msafi kisarufi. Hili lingetosha kuwa mada ya warsha nzima, wahariri wakialikwa.

Kinyume chake, mwanafunzi wa Kiswahili anapoamua kuandika juu ya jinsia, mara nyingi huandika Taswira ya Mwanamke Katika Riwaya Fulani. Rafu zimejaa. Mwanamke ni chombo cha starehe. Mwanamke ni mvumilivu. Mwanamke ni mwanamapinduzi. Hitimisho na mapendekezo. Tamthilia ya Ari Katini Mwachofi, Mama Ee, ya mwaka 1987, imekwisha kupekuliwa kwa njia hiyo, na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 umetiwa kizimbani mara nyingi kwa kosa la kumfunza binti utiifu. Kazi hizo ni kubwa kuliko maswali zinayoulizwa. Hakuna ubaya kuzisoma. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hukaa maktabani akihesabu wanawake wa kubuni, huku matatu inayopita nje ya lango ikielekea kwa wanawake wanaozungumza lugha anayoisomea.

Mifano ya waliotoka nje ipo. Wanjiku Mukabi Kabira, profesa wa fasihi aliyekiongoza Kituo cha Masomo ya Wanawake wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitumia miaka mingi kukusanya simulizi za wanawake wenyewe, na alikuwa makamu mwenyekiti katika tume iliyozunguka nchi kukusanya maoni ya katiba mpya. Naomi Shitemi wa Chuo Kikuu cha Moi na M. M. Mulokozi wa Dar es Salaam, wote wawili wataalamu wa Kiswahili, walikuwa miongoni mwa wahariri wa mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya wanawake wa Afrika Mashariki uliotolewa mwaka 2007. Hawakualikwa humo kwa hisani. Mwana wa Lamu aliyeandika barua au aliyetunga utenzi asingeweza kusomwa na ulimwengu bila wao.

Kwa hiyo, mwanafunzi akirudi mbele ya ubao wa matangazo, kuna nafasi ambazo hazijaandikwa hapo kwa jina lake lakini zinamngoja. Semina ikitangazwa, aombe kusoma makala kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya kuwa lugha rasmi, na wanajopo wakiduwaa, kuduwaa kwao ni sehemu ya mjadala. Nafasi ya kujifunza kazi ikitangazwa na shirika la Lavington au Westlands, aombe akiwa na pendekezo mkononi la kutazama vijitabu vyao vya Kiswahili, ambavyo vingi vya aina hiyo husomeka kama Kiingereza kilichovishwa kanzu. Utafiti wa uzamili ukitafutiwa mada, orodha ya tafsida zinazotumiwa na watoto na watu wazima kutoka Kangemi hadi Dagoretti, pamoja na maana zake halisi, ingewafaa makarani wa mahakama kuliko taswira ya arobaini ya mwanamke.

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana, waliandamana Nairobi na katika miji mingine kulaani mauaji ya wanawake. Kauli mbiu na mabango mengi yalikuwa ya Kiingereza, na neno lililotawala siku hiyo, lile la kumuua mwanamke kwa sababu ni mwanamke, halina mwenzake mmoja katika Kiswahili. Wasemaji wa redio hutumia maneno mawili au matatu, au hulitamka la Kiingereza lilivyo. Kitenzi kinachobaki katika vichwa vya habari ni cha jamaa moja na oa na vua, ingawa chenyewe hunyambuliwa kwa namna yake: auawa. Mwanamke auawa Kasarani. Mwanamke auawa Kabete. Mtenda, akitajwa, huja nyuma kwa kiunganishi na, mahali ambapo mhariri mwenye safu finyu hukata kwanza.